Nusu ya Blanketi la Mama Mkwe

Kamati ya duka la kijiji chetu ilikata mablanketi kwa mkasi. Naanza na hilo kabisa, maana nikilisimulia katikati watu husema mzee anatia chumvi, na mambo ya miaka ile sina haja ya kuyatia chumvi. Lori lilileta mablanketi machache, kaya zilikuwa nyingi, na wanakamati wakakaa tangu asubuhi mpaka jua kuinama wakibishana nani apate na nani akose. Mwisho wakaona dawa ni kila blanketi likatwe katikati, kila kaya ipate nusu, asiwepo wa kujifunika na wa kumtazama mwenzake akijifunika. Fundi cherehani akaitwa aje na mkasi wake. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi maana nilikuwa nimekaa mbele.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini, upande wetu wa Unyambwa. Tulikuwa tumeacha tembe zetu kule tulikotawanyika, kila ukoo na mji wake, tukapangwa kwa mistari kama matuta ya viazi. Tembe ya baba ilibaki kule na paa lake la udongo. Mvua za kwanza zilipopita nilikwenda kuitazama, nikakuta uwele umeota juu ya paa, umestawi kuliko wa shambani. Nilisimama nikautazama. Sikuuvuna. Lakini hayo ni mengine.

Kosa langu ni kwamba wakati napiga makofi nilisahau blanketi nilikuwa nalitakia nini. Kwetu mwanamume akioa kuna ng'ombe wa baba na kuna blanketi la mama. Ng'ombe hujadiliwa. Mmoja akionekana mgonjwa hurudishwa akaletwa mwingine, wazee wanacheka, wanakunywa pombe ya mtama, yanakwisha. Blanketi la mama halijadiliwi. Hilo ni la mikojo. Yule mama amelala kwenye ngozi iliyolowa miaka miwili mitatu kwa ajili ya huyo unayekuja kumchukua, na wewe unaambiwa umkaushe. Tena halikabidhiwi likiwa limekunjwa. Linakunjuliwa uani, mama anaketi miguu ameinyoosha, wanawake wanamfunika kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo, ndipo vigelegele vinapigwa na binti anaruhusiwa kuvuka mlango. Kabla ya hapo binti hatoki, hata kama ng'ombe wako wameshazaa katika zizi la kwao. Wangu mmoja alishazaa.

Huyo binti alikuwa wa Sepuka. Wakati ule nilikuwa natundika mizinga, na siku za mnada nabeba asali kwenye vibuyu kwenda kuuza huko. Akaja, akanunua kibuyu kimoja, akaenda. Baada ya muda nikamwona anarudi, anapasua watu, akakiweka chini mbele yangu.

"Kaka, asali yako ina watoto wa nyuki. Mimi nilitaka asali, sikutaka kulea."

Watu wakacheka. Nikampa kibuyu kingine. Akakifungua palepale, akatia kidole, akalamba, akanitazama, akaondoka bila kusema ni nzuri au mbaya. Mnada uliofuata nilikwenda sina hata asali ya kuuza. Na ule mwingine pia. Mnada wa nne ndipo aliponiuliza kama nimefukuzwa na nyuki.

Nikitaka kumweleza alivyokuwa nashindwa. Shule niliishia darasa la pili, kusoma kwenyewe nimekuja kukushika ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo yale maneno mazuri ya kumweleza mtu sinayo. Alikuwa mrefu. Alikuwa na mwanya. Mkitembea njiani alitangulia mbele, hata kama njia haijui.

Basi, nusu nilikuwa nayo. Ya kijivu, na mstari mwekundu upande mmoja. Upande mwingine, ule ulikopita mkasi, ulikuwa unatoa nyuzi. Baba mdogo, aliyekuwa mshenga wangu, akanishauri tuikunje kwa ufundi ionekane nene. Hiyo ndiyo akili tuliyokwenda nayo Sepuka, watu wazima wawili. Tulitoka alfajiri, tukafika jua limeinama, tukalala kwa jamaa yetu, asubuhi tukaenda ukweni.

Mkwe hakai ua mmoja na mama mkwe. Nilikaa nje, nyuma ya boma la miiba, nikawa nasikia tu. Nikasikia blanketi linakung'utwa. Kisha sauti ya shangazi wa binti, mwanamke ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka Ikungi.

"Hili limeishia kiunoni. Miguu ya wifi yangu tuipeleke wapi?"

Mwingine akasema labda mkwe ana mpango wa kumchukua binti kuanzia kiunoni kwenda juu. Shangazi akajibu kwamba hapana, kijana mwenyewe alivyo, atataka kuanzia kiunoni kwenda chini, hiyo ya juu atatuachia. Walicheka mpaka ndama wakaruka zizini. Baba mdogo, aliyekuwa humo ndani peke yake na wanawake wote wale, nasikia alikuwa anatazama kiatu chake. Mama mwenyewe hakucheka. Alituma neno moja tu lifike kwangu: nirudishe hicho kipande kilikotoka, nilete blanketi zima. Kikakunjwa, kikarudi mikononi mwangu.

Tunaondoka nikamwona binti. Alikuwa amesimama mlangoni, ndani, vidole vya miguu vimefika mwisho kabisa wa kizingiti, havikuvuka. Sikuona uso vizuri kwa sababu ya giza la mle tembeni. Vidole vile ndivyo nilivyorudi navyo Unyambwa.

Sasa habari ya kurudisha kitu dukani. Siku hizi binti yangu akinunua pasi mjini, ikigoma anairudisha na karatasi yake, anapewa nyingine na kuambiwa pole mama, karibu tena. Aliponisimulia hayo nilimwambia arudie hapo kwenye pole. Duka letu lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha, na mwuzaji alichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Kalamu ilikaa sikioni hata akiwa anakula. Neno lake lilikuwa moja, "Hakuna, njoo wiki ijayo," na alilisema kabla hujafungua mdomo, hata kama ulikuja kumsalimia.

Nilipoiweka nusu yangu dirishani akaanza na hilohilo. Nikamwambia sitaki kununua, nataka kurudisha. Hapo akainua macho. Nadhani hakuwahi kuambiwa hivyo tangu apewe ufunguo. Akafikiri, akasema kitu kikishavuka dirisha si cha duka tena, ni cha mwananchi, na duka likichukua mali ya mwananchi huo ni unyonyaji. Akanituma kwa kamati.

Kamati ilinisikiliza vizuri, sisemi uongo. Mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu, wenzako wote wamepata nusu. Wewe unataka zima kama nani?" Nikaeleza habari za ukweni tangu mwanzo, mpaka na ile ya miguu. Wakashauriana. Wakasema kijana asiye na mke si kaya, hata hiyo nusu nilipewa kwa huruma. Nikishaoa nitaandikwa upya, nitakuwa kaya, nami nitapewa kipande kingine. Nikasema ndugu mwenyekiti, mke sipewi mpaka nipeleke hicho kipande. Akasema hilo ni la mila, na kamati haiingilii mila. Mjumbe mmoja akanishauri nitafute binti ambaye mama yake ni mfupi. Kikao kikafungwa.

Miezi ya baridi ikaingia. Asiyekaa Singida upepo hajaujua. Unaanza asubuhi unapiga mpaka jioni, unapita kwenye matundu ya ukuta, unapita kwenye nguo, unamkuta mtu. Zile nyumba za mistari tulizojengewa haraka hazikuwa tembe. Tembe ni nzito, inakaa chini, upepo unapita juu yake. Nilizunguka kwa waliopata nusu nikiomba mmoja aniachie yake kwa asali, kwa karanga, kwa mbuzi. Nani atakupa blanketi mwezi wa saba? Wengine walinicheka, wengine walinihurumia, na wale walionihurumia ndio waliofunga mlango upesi.

Na mimi nilikuwa naumia. Nilikuwa nimeshajenga. Nilikuwa nimeweka mafiga matatu, na kila jioni nilipika ugali wa mtu mmoja juu ya mafiga yale nikauacha upoe nikiwa naitazama njia inayotoka Sepuka, ingawa nilijua hakuna anayekuja. Baba mdogo alianza kusema kuna binti wazuri tu hata Iguguno. Na habari zilikuwa zinakuja kwamba kuna mtu mwingine wa huko Sepuka amepeleka posa, mwenye ng'ombe wengi, na baba wa binti ameanza kuulizia kama hawa wa Unyambwa wapo au hawapo.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya.

Kulikuwa na bibi mmoja, mjane, nyumba yake ya mwisho upande wa mawe makubwa. Watoto wake walikuwa wamekwenda mashamba ya mkonge hawakurudi. Alivuta ugoro, alipenda kuongea, na alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa. Nilikwenda kwake mchana, nikamwamkia, nikakaa. Nikamwambia duka limeona kosa lake. Vipande vyote vinarudishwa, na lori linaleta mablanketi mazima, kila mtu lake. Mimi nimetumwa kukusanya.

Hakuuliza nani kanituma. Aliinuka akaenda kitandani akaivuta nusu yake. Ule upande wa mkasi alikuwa ameupinda kwa uzi wa buluu, mshono mdogo mdogo, wa mtu asiyeona vizuri lakini mwenye subira. Akaniwekea mapajani.

"Watatupa lini, mjukuu wangu?"

Nikasema wiki ijayo.

Mnajua, mtu akisimulia ubaya wake hupenda kusema alikuwa hajui anachofanya. Mimi nilijua. Nilikuwa nahesabu moyoni kwamba nitampa bibi kipande changu cha kaya nikishaoa, kwa hiyo si wizi. Lakini upepo haukuwa unangoja mimi nioe.

Baba mdogo aliugua, tukachelewa. Wiki ikapita, na nyingine. Kila nikipita karibu na yale mawe bibi ananiuliza, duka limesemaje? Nikaanza kupita njia ya mbali. Akaanza kwenda mwenyewe dukani, anaketi kwenye jiwe chini ya dirisha, amejizungushia kaniki mbili. Mara ya kwanza nilipomwona pale nilijua leo nimeumbuka. Mwuzaji akatoa kichwa. "Hakuna bibi, njoo wiki ijayo." Bibi akamshukuru, akainuka, akaenda. Yule mwuzaji hakujua hata alichokuja kutafuta. Alinificha bila kujua, wiki baada ya wiki, kwa neno lake lile moja. Nimekaa miaka mingi nikimlaumu yule bwana kwa roho ngumu, lakini nikilala nakumbuka kwamba yeye alikuwa hajui.

Fundi cherehani akaniunganishia zile nusu. Likawa blanketi, mstari mwekundu kichwani, mstari mwekundu miguuni, na mshono katikati. Tukaenda Sepuka.

Nilikaa palepale nyuma ya boma la miiba. Nikasikia linakung'utwa. Nikasikia shangazi anasema safari hii miguu imepata pa kulala. Wanawake wakaanza kujiweka sawa kwa vigelegele, unajua ile sauti ya koo kabla haijatoka. Haikutoka. Mama mkwe alikuwa amesema wangoje.

Nasikia alikuwa amelifunua, analigeuza. Akanusa. Akauliza kwa nini nusu moja ni mpya na nusu moja ina moshi na ugoro. Akaukuta ule uzi wa buluu pembeni mwa mshono wa fundi, maana fundi hakuufumua, aliunganisha juu yake. Akasema huu ni mkono wa mtu mzima, mzee kama yeye au zaidi. Amelipinda ili alilalie. Akamwambia baba mdogo atoke akaniulize huyo mtu sasa analalia nini.

Baba mdogo alitoka akanijia. Akaninong'oneza niseme nimelinunua kwa mtu. Ningeweza. Alikuwa mtu wa kunitetea, na pale nilipokaa hakuna aliyeniona uso. Lakini niliinua kichwa, na kati ya miiba nikaona mlango wa tembe uko wazi, na binti amesimama palepale pa siku ile. Nikasema yote, kwa sauti, ili nisirudie. Habari ya duka, habari ya kamati, habari ya lori la uongo, na bibi anayekaa kwenye jiwe chini ya dirisha.

Baba mdogo alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Nikajua nimekwisha, na yule mwenye ng'ombe wengi atakuja kesho. Nikaanza kuinuka. Ndipo nikaisikia sauti ya binti, haikuwa kubwa.

"Mama, fumua. Nitampelekea mwenyewe."

Shangazi akamwambia hajafunguliwa mlango. Mama mkwe alikaa na blanketi mapajani muda ambao mimi naweza kuuita siku nzima, ingawa baba mdogo alisema baadaye haukupita muda wa kunywa maji. Kisha nikasikia anaomba wembe. Nikasikia nyuzi zinakatika, moja moja. Alipomaliza akaichukua ile nusu mpya, akajifunika mabegani, akanyoosha miguu yake chini ikiwa wazi, akasema basi, mimi nimeshafunikwa. Hakuna aliyepiga kigelegele mpaka binti alipovuka kizingiti. Aliyeanza ni yule shangazi, na alikuwa analia.

Kesho yake alfajiri tulirudi wanne: baba mdogo, mimi, shangazi wa kumsindikiza bibi harusi, na yeye. Ya kanisani yalifuata baadaye. Njia nzima shangazi hakuniacha. Kila tulipopumzika alinipangusia mahali pa kukaa na kuniuliza kama na jiwe hili nimemdanganya mtu nikalipata. Bibi harusi mwenyewe alitangulia mbele, na ile nusu kichwani, hakugeuka hata mara moja. Sikujua kama amekuja kuwa mke wangu au amekuja tu kurudisha kitu kisha arudi kwao na shangazi yake. Niliutazama mgongo wake kutoka Sepuka mpaka Unyambwa, na sikuwa na uthubutu wa kuuliza.

Tulifika nyumba ya bibi jua lingali juu, upepo umeshika. Nikaambiwa nibaki nje. Wakaingia. Nilisikia shikamoo, nikasikia marahaba, wakazungumza Kinyaturu cha taratibu cha kuulizana kwenu ni wapi na mama hajambo. Kisha bibi akaigusa ile nusu, nadhani akaukuta uzi wake, maana aliuliza kwa mshangao mbona duka limemrudishia ileile.

Nikamsikia anajibu. "Si duka, bibi. Duka halikusema lolote. Mume wangu alikudanganya."

Mimi pale nje nilikuwa nimesikia neno moja tu. Hakuwa amewahi kuniita hivyo, hakuna aliyekuwa amewahi kuniita hivyo, na aliliweka ndani ya sentensi ya kunishtaki kana kwamba ndipo lilipokuwa likikaa siku zote. Bibi akasema basi mwambie aingie, huko nje kuna baridi. Sikuingia haraka. Nilingoja nione kama atalisema tena. Hakulisema. Alitoka akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama unavyomshika mbuzi mkaidi, akaniingiza nikapiga magoti.

Nimeishi naye mpaka nikapoteza hesabu ya mvua. Ameniita hivyo mara nyingi sana, kwa hasira, kwa mzaha, mbele ya watoto, akiniita shambani nije kula. Sasa huu ni msimu wa pili hayupo. Watu wananiita babu, mzee, baba, na yote ni mazuri, nawaitikia. Lakini lile hakuna mwenye haki ya kuniita. Ningekubali mtu asimame hapo mlangoni kila asubuhi anishtaki kwa kijiji kizima uongo wangu wote, wa blanketi na mwingine, alimradi aanze na lile neno lake, mume wangu, kwa sauti ileile.